Istilahi za Nyuma ya Pazia

Mpendwa mama mkwe,

Shikamoo.

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana na wajumbe wote wa kaya hii, yaani mimi na binti yako Somoe, napenda kukutangazia rasmi wewe pamoja na umma mzima wa Msimbati kwamba yule kuku wako mwekundu uliyemwacha hapa Rahaleo ametaga. Ametaga yai moja, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, ndani ya boksi la kompyuta yangu, juu ya waya. Hali ya yai ni nzuri. Hali ya waya bado inachunguzwa.

Hiyo ndiyo habari niliyokuwa na ujasiri wa kuanza nayo. Iko nyingine, nayo inahusu yale maneno yetu. Somoe aliporudi kutoka kwako Jumapili aliniambia kwamba umewasimulia wenzako wa kuchokoa pweza kuwa maneno yako sasa yanatumika kwenye anga za mbali, kwamba Bi Fatu amekucheka mbele za watu, na kwamba Ijumaa mnakuja wote wanne mjionee kwenye kompyuta ya mkwe. Nikamwomba Somoe akueleze jambo fulani kabla hamjapanda gari. Alikuwa anashona. Akakata uzi kwa meno, akasema, "Mwambie mwenyewe. Mimi simo."

Sasa mimi na wewe, kwa mila tuliyokulia, hatukai tukatazamana usoni tukaelezana mambo. Ndiyo maana naandika. Na barua naiacha wazi, Somoe aisome mbele ya wenzako, Bi Fatu akiwemo, ili aibu ikienda kutafuta mtu impate mwenyewe. Ila kwanza niache nikumbuke kidogo. Nakujua, utasema najizungusha. Ni kweli najizungusha.

Ulikuja kwetu kutolewa mtoto wa jicho. Ukarudi kutoka hospitali jicho moja limefungwa kitambaa, na lile la pili, ambalo halijafanyiwa kitu, halioni zaidi ya kivuli. Mimi, mwalimu wa Kiswahili mwenye miaka arobaini na minane, nilikuwa nimevunjika mguu kwa kuanguka kutoka juu ya mkorosho. Wala haukuwa mkorosho mrefu. Waliokuwepo wanasema nilishuka kama gunia lililofunguliwa kamba. Somoe akishatuacha asubuhi kwenda kwenye cherehani yake sokoni, na wajukuu zako wakiwa shule ya bweni, nyumba ilibaki na watu wawili: mmoja haoni, mwingine mguu uko kwenye hogo la plasta hauinuki, na wote wawili mila inawakataza kuonana. Wewe chumbani kwenye mkeka, mimi sebuleni kwenye kochi, katikati pazia la kijani, na yule kuku akipita chini ya pazia, huku na huku, kama balozi wa nchi mbili zisizoelewana.

Ule mchezo wa kompyuta aliniwekea mwalimu mwenzangu, aliyeona nitaugua upweke kuliko mguu. Nilikuja kukueleza baadaye jinsi ulivyo: watu wa kila pembe ya dunia wanaingia kwa njia ya mtandao wakati mmoja, kila mtu anajifanya mtu mwingine, anapewa chombo cha kurukia kati ya nyota na anachagua kazi. Wako wafanyabiashara, wako askari, wako maharamia. Mimi nilikuwa mchimba mawe yanayoelea. Bahati yangu ya kuanguka ilinifuata hadi huko. Sikumbuki ni mara ngapi nilikigonga chombo changu gatini, mbele ya wageni. Wenye mchezo walikuwa wameomba wachezaji wa Kiswahili wajitolee kuandaa istilahi, na kwa kuwa mimi ni mwalimu, nikapewa fungu langu la maneno. Nikawa nayasoma kwa sauti na kubishana na dari.

Neno la kwanza ulilojibu nalikumbuka. Kuna njia ya mkato huko angani: unaingia upande huu, unatokea upande mwingine kabisa wa nyota. Wazungu wameipa jina la tundu la mnyoo, nami nikatamka hivyohivyo, "Tundu la mnyoo." Nikakusikia unamwambia kuku, "Hebu muulize mwenzio, watu wazima na akili zao wanapita kwenye tundu la mnyoo?"

Kuku hakuuliza. Nikamjibu kuku, kwa adabu zote, kwamba ndiyo, wanapita, tena na chombo.

"Basi huo ni mlango," ukamwambia. "Mwamba una milango yake. Asiyeujua anazunguka mchana kutwa. Anayeujua anatokea kilindini kabla jasho halijamtoka."

Nikaandika: mlango. Miaka yote niliyofundisha, sikuwahi kuona neno likikaa mahali pake kwa utulivu namna ile.

Tangu hapo kila asubuhi nilikuwa namsomea kuku orodha, na wewe unamjibu kuku. Chombo kinachojificha mbele ya macho ya adui bila kuondoka, nilihangaika nacho siku mbili. Wewe ulicheka tu. Huyo kajipweza, ulisema. Ukaeleza jinsi pweza akikuona anavyokuwa jiwe, rangi ya jiwe, ukali wa jiwe, na kwamba pamoja na ujuzi wako wote yupo mmoja aliyekukoroga akili hadi ukaliomba jiwe radhi. Chombo kinachowavuta maadui kikusudi ili wenzake wadogo wapone, ulimfikiria kuku, nadhani, maana ulisema huyo ni mvuta mwewe. Kuku mwenye vifaranga hukimbilia upande wa pili apige kelele, mwewe amfuate yeye.

Na siku ya neno la ile nafasi isiyo na kitu, kati ya nyota na nyota, tuseme haikutokea. Lakini ilitokea. Nilitamka kwa sauti ya darasani, "Utupu." Nilipotambua ni mbele ya nani nimetaja utupu, jasho lilinitoka hadi ndani ya hogo. Ukamweleza kuku kwamba nyumba hii ina watu wanaoheshimiana, na kwamba mahali pasipo mwamba wala fungu la mchanga nyie mnapaita kweupe. Nikaandika kweupe.

Lakini lililonikaa ni lile la chombo kilichoishiwa nguvu, kimesimama peke yake mbali na kila gati. Wenzangu kwenye kundi la istilahi walitaka kukiita kilichokufa. Ulikataa. "Hakijafa. Kimepwelewa. Maji yamekupwa yamekiacha, yatarudi. Mtu akipwelewa hapigi kelele, anakaa anakula muhogo wake." Halafu ukamwambia kuku kwa sauti ya chini, "Kama sisi humu ndani."

Hukuniona, mama, lakini niliweka kalamu chini.

Ulikuwa na maswali yako pia. Ulitaka kujua mchezaji akiuawa anakwenda wapi. Nikasema anaamka kwenye kituo, mwili mpya, kumbukumbu zilezile. Wenzangu walikuwa wanataka kuita kufufuka. Ukasema hilo lina siku yake na lina mwenyewe, tusilichezee. Ukauliza kama mtu huyo anakuwa anakumbuka jina lake na watoto wake. Nikasema anakumbuka. "Basi alizimia. Sasa kazinduka." Na ukaendelea kuchambua mchele kwa vidole, kwa kuwa macho hayakufaa, nikisikia punje zikianguka kwenye ungo.

Alasiri zile sijui kama nilikuwa macho au nimelala. Feni inazunguka polepole, pazia linavuta pumzi na kuitoa, kompyuta imewaka mapajani, na sauti yako inatoka kule ndani kama inatoka majini. Nikifumba macho, naliona anga lote limekupwa. Nyota zimebaki kama vidimbwi kwenye mwamba, kimoja hapa, kimoja kule, vinang'aa, na wewe unapita katikati yake na kijiti na kapu lako, kanga umeikunja, unainama, unakiita kila kidimbwi kwa jina lake na chenyewe kinaitika. Niwie radhi kwa hilo la kanga. Ni ndoto, na ndoto haijafunzwa adabu za ukwe. Hata leo, hogo limetolewa, nimerudi shuleni nachechemea, nikiingia kwenye mchezo jioni silioni lile anga walilolichora wao. Naona mwamba wa Msimbati maji yametoka, na sisikii mtu nyuma ya pazia.

Halafu kuna ile asubuhi uliyouliza kama watayatumia kweli. Ulimuuliza kuku kama kawaida, ila bila mzaha, ulitaka jibu. Nikasema wataalamu watayapitia. Ndipo ukasema, "Walikuja watu kuipima bahari yetu. Wakaipa namba. Hakuna aliyetuuliza inaitwaje." Kuanzia siku hiyo ukaanza kuyapima maneno kabla ya kuyatoa. Ulikuwa unalala nalo neno, unaamka umelibadilisha. Siku moja ulimtuma Somoe aniambie, kabla hajanywa hata chai, kwamba lile la jana tulifute, umepata linalofaa zaidi.

Sasa nikuage kabisa hapa, mama, kwa sababu baada ya haya yanayofuata sitakuwa na uso wa kuaga. Macho yako yabaki na nuru. Maji yakupwe kwa wakati, pweza wajisahau. Wasalimie wenzako, na Bi Fatu mwambie akae vizuri asikilize.

Yaliyotokea ni haya.

Siku ya kutuma orodha ilikuwa Alhamisi, mchana. Kabla ya kutuma nilifungua orodha za wenzangu nilinganishe. Ni watu waliosoma sana. Walikuwa na maneno marefu yenye vistari katikati, uzaliwaji-upya, kani-mvutano, kifichio-mwanga, maneno ambayo ukiyatamka unahisi umevaa tai. Nikarudi kwenye yetu. Mlango. Kweupe. Kajipweza. Nikaona haya. Nikawasikia wakiniuliza, mwalimu, hili umelitoa kamusi gani? Na mimi ningejibu nini, kwamba nimelitoa nyuma ya pazia, nimepewa na kuku?

Nikafuta moja. Nililofuta kwanza ni kujipweza. La pili likawa jepesi zaidi. Sikukataliwa na mtu yeyote, mama. Hakuna mtaalamu aliyeyaona, hakuna aliyeyapigia kura. Niliyafuta yote kwa vidole hivi, hata kupwelewa, ambalo ni Kiswahili safi na nimelifundisha mwenyewe darasani, nikaweka ya vistari, nikatuma. Mkuu wa kundi akaniandikia kwamba ni kazi ya kitaalamu. Nilifurahi. Nisiposema kwamba nilifurahi, barua hii itakuwa na uongo mwingine. Na lile tundu la mnyoo lipo huko mpaka leo, watu wazima na akili zao wanapita, na aliyeliweka ni mimi.

Jumatatu nimemwandikia yule mkuu nikamweleza. Amejibu kwa upole kwamba istilahi zimeshafungwa, na kwamba atawauliza wenye mchezo kama zinaweza kufunguliwa. Hajasema lini. Kwa hiyo mkija Ijumaa mtaona nyota, mtaona vyombo, lakini hamtaona neno lako hata moja. Bi Fatu, mwenzako hakusema uongo. Alisema alichoambiwa. Ukitaka wa kumcheka, yuko Rahaleo, anachechemea.

Kwa maana jioni ya Alhamisi ile ile, Somoe hajarudi, uliuliza ukuta, nyuma ya pazia, "Yamefika?"

Nikasema, "Yamefika, mama."

Kuku alikuwa uani. Nikasikia mkeka unalia kama mtu anayejiweka sawa. Halafu ukasema, si kwa kuku, si kwa ukuta, ukanisemesha mimi, mara ya kwanza tangu nimuoe binti yako:

"Ahsante, mwanangu."

Nami nikaitika. Nikasema haya, mama, nikaendelea kubonyezabonyeza kompyuta ili usikie nafanya kazi, na kompyuta yenyewe nilikuwa nimeshaizima.

Mimi mkweo,
Baba wa wajukuu zako, Rahaleo