Vitanzi Thelathini na Kimoja

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kumi na tatu tangu turudi kutoka hospitali. Mkono wa kulia wa Mwenyewe umelala vilevile. Mguu anauburuta. Maneno yote yamekwenda, limebaki moja tu: bado.

Mke wangu huyu nimemwita Mwenyewe miaka thelathini na minne, maana nyumba ni yake, mimi mpangaji tu. Alikuwa na maneno ya kutosha mtaa mzima. Sasa ukimuuliza umeshiba? Bado — na sahani tupu iko mbele yake. Unaumwa? Bado. Asubuhi nikamuuliza kwa mzaha, hivi unanipenda? Bado! Nilicheka peke yangu. Kisha nikaenda bafuni kunawa uso.

Daktari alisema neno hilo linatoka lenyewe, si yeye anayelichagua. Hata akitikisa kichwa tusimwamini sana. Kiharusi kimevuruga ndiyo na hapana.

Leo jioni kavuta kapu lake kwa mkono wa kushoto, kanirushia skafu magotini. Nikadhani anasikia baridi. Nikamfunika. Akaitupa. Nikaivaa mimi shingoni — labda ni zawadi. Akanipiga donge la uzi, puani! Ni ile aliyokuwa anaifuma siku alipoanguka. Almasi kumi na tisa zimekamilika, rangi ya matofali na kijivu, na ya ishirini iko nusu kwenye sindano.

Akanyoosha kidole. Sindano. Mimi. Sindano. Mimi.

Mimi? Mwalimu wa udereva?

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kwa Msusi, jirani wa ukuta kwa ukuta. Anajua kufuma kidogo, mikono yake haijawahi kukaa bure. Alikuwa na kichwa cha mteja mikononi, akanifundisha huku anasuka. Kila almasi inaanza na vitanzi thelathini na kimoja, kasema. Kumi na tano kutoka ubavu wa almasi ya kushoto, kimoja cha pembeni pale zinapokutana, kumi na tano kutoka ubavu wa ile ya kulia. Halafu kila ukienda, katikati unafuma vitatu kwa pamoja, viwe kimoja. Unarudi bila kupunguza. Unakwenda tena, vitatu kimoja. Inajikunja yenyewe, inapungua, inapungua, mpaka kinabaki kitanzi kimoja.

Nikasema sijaelewa. Mteja wake akasema hata yeye kaelewa, na amefumba macho!

Msusi: Wewe unafundisha watu gia tano na pedali tatu, ushindwe na sindano mbili?

Nimeshindwa. Vitanzi vinne vimenichoropoka kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Mwenyewe aligeuza uso ukutani.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeimaliza ile ya ishirini! Dakika hamsini kwa nusu almasi. Nikampelekea kama mwanafunzi anayepeleka daftari.

Akapitisha kidole gumba katikati, pale vitatu vinapokuwa kimoja. Panatakiwa pawe na mstari ulionyooka kama uti wa mgongo. Wangu umekwenda kombo, umekata kushoto bila kuwasha taa. Akachomoa sindano kwa meno. Akashika uzi, akavuta. Trrrr. Dakika hamsini zote! Hakuishia kwangu, akafumua na nusu aliyoifuma mwenyewe kabla hajaugua.

Nikamfokea. Nilimfokea mgonjwa. Nikamwambia basi fuma mwenyewe. Naye akautazama mkono wake wa kulia, akaunyanyua kwa wa kushoto, akaniwekea mapajani kama mtu anayekabidhi kitu kilichoharibika.

Nimekwenda kukaa ndani ya gari. Sikuliwasha.

Jumapili, 10 Machi

Binti yetu amepiga simu. Ni mtoto wetu wa pekee, anafanya kazi maabara, mji wa mbali, safari ya saa sita. Huko kwao kuna kliniki ya waliopoteza maneno, kila siku mazoezi, mdomo na mkono. Anataka mama yake akakae kwake. Mwaka mzima, labda zaidi. Miezi ya kwanza ndiyo yenye faida, baba, ikipita imepita.

Nikasema kwako ni chumba kimoja na sebule, mimi nitalala wapi. Akasema kwa upole: Wewe una kazi, baba. Utakuwa unakuja.

Nitakuwa nakuja. Kama mgeni!

Kasema nimuulize mama. Nimemuuliza. Unataka kwenda kwa mtoto? Bado, na kichwa ndiyo. Unataka kubaki hapa na mimi? Bado, na kichwa ndiyo.

Nikamwambia binti: mwache kwanza amalize skafu yake. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Akasema sawa baba, skafu. Kwa sauti ile ya kumwambia mtoto haya.

Jumanne, 12 Machi

Kazini nilikuwa nahesabu vitanzi kichwani. Mwanafunzi, mama mmoja muuza dawa, akaniuliza mara mbili, mwalimu tunakata wapi? Nikamjibu: katikati, vitatu kwa pamoja. Akapanda ukingo wa barabara. Hakuna aliyeumia. Tairi limechubuka, na heshima yangu.

Lakini jioni — almasi ya ishirini! Nzima! Mstari umenyooka. Mwenyewe akapitisha kidole gumba. Akapitisha tena. Akairudisha mapajani mwangu na kugonga ubavu wa almasi: okota vitanzi hapa.

Hakuifumua. Nimekula chakula cha jana kwa raha kama cha harusi.

Ijumaa, 15 Machi

Tumegundua namna. Anashika sindano ya kushoto kwa mkono wake mzima, mimi nafuma kwa ya kulia. Tunakaa bega kwa bega kwenye sofa, tumebanana kama wachumba. Watu wawili, mikono mitatu. Jirani akituona atasema wazee wamerukwa na akili.

Na hiki ndicho nataka nisisahau: nikiokota vitanzi, nikifika cha kumi na tano ananibana kidole. Kumi na tano kamili! Mara nne nimejaribu kumhadaa, nikakohoa, nikazungumzia simu. Hakosei. Hesabu imo humo ndani. Yumo humo ndani, mlango tu ndio umekwama.

Basi nikawaza: vidole! Kidole kimoja, unataka kwenda kwa mtoto. Viwili, unabaki. Nikamweleza polepole, mara tatu.

Akaonyesha vitatu.

Vitatu ni nini? Nimemuuliza mpaka akafumba macho. Twende wote? Tusiende popote? Au kachoka na maswali yangu tu? Nimemaliza ya ishirini na mbili bila kuelewa chochote.

Jumamosi, 16 Machi

Ameanguka bafuni.

Niligeuka kuchukua taulo. Taulo tu! Nikasikia kishindo. Alikuwa kati ya beseni na ukuta, mkono ule uliolala umekunjamana chini yake. Nikamshika kwapani nikavuta. Hakunyanyuka. Nikavuta tena, mgongo ukaniuma, sabuni, nikateleza na mimi. Tumekaa wote wawili kwenye maji. Sijui dakika ngapi. Hakulia. Alikuwa ananipangusa povu usoni kwa mkono wa kushoto.

Nikapiga kelele kwa Msusi kupitia dirishani. Kaja yeye na mteja wake, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima. Ndio waliomtoa. Wanawake wawili, mvuto mmoja, hop! Mimi nimeshika taulo.

Hajavunjika, kwa bahati. Bega limevimba. Nimemwomba Msusi asimwambie binti. Hakuitikia.

Leo hatukufuma.

Jumanne, 19 Machi

Almasi moja. Kimya.

Jumatano, 20 Machi

Msusi amesema. Simlaumu, binti yetu alimpigia yeye, baada ya mimi kusema mara tatu kwamba mambo ni mazuri.

Binti: Baba, ulinificha. Si ugomvi, angekuja na ugomvi ningejua pa kushika. Akasema siku moja utageuka kuchukua taulo na hatakuwepo mtu dirishani. Anakuja Jumamosi na gari, amekwisha ongea na kliniki, nafasi ipo lakini hawamwekei mtu.

Nikasema skafu haijaisha.

Kasema baba, skafu si mwisho wake ni pale unapoamua? Si almasi tu, unaongeza au huongezi?

Ni kweli. Nimeipima leo, inanifika kiunoni. Tayari ni skafu. Mtu angeweza kuivaa wiki mbili zilizopita.

Ijumaa, 22 Machi

Nimempangia nguo. Nguo za miezi mitatu ya kwanza zinaingia kwenye sanduku dogo, sikutegemea. Sikujua hata anavyozikunja. Nimezikunja kama ramani.

Alikaa kitandani ananitazama. Kila nikiweka gauni, sikujua kama anakubali. Moja alilitoa. Nikalirudisha, akalitoa. Labda halipendi. Labda alikuwa anasema siendi. Nimeliacha kwenye kiti.

Jumamosi, 23 Machi

Naandika jikoni. Nimesema naandaa chai.

Binti alifika saa nne asubuhi. Amekonda. Ameleta kiti cha magurudumu, kipya, bado kina nailoni. Akamkumbatia mama yake kwa muda, akaangalia bega, hakunitazama. Kisha akaiona skafu. Akaikunjua sakafuni. Almasi ishirini na sita na nusu. Akasema baba, zipi zako? Nikasema zitafute. Hakuzipata zote! Alitaja mbili tu, na moja ilikuwa ya Mwenyewe.

Ningefurahi siku nyingine.

Akapiga magoti mbele ya kiti. Akasema yote, taratibu, bila kulia: kliniki, mazoezi, chumba, kitanda karibu na dirisha. Akasema mama, sitakubeba kama mzigo. Unakuja?

Mwenyewe akamsikiliza mpaka mwisho. Hakusema neno lake. Mara ya kwanza tangu hospitali hakulisema! Alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akageuka akanitazama mimi. Akaninyooshea kidevu.

Binti akageuka pia. Baba, anakuachia wewe. Sema.

Mimi. Mwenye maneno yote. Nafundisha kwa maneno siku nzima — kanyaga, achia, angalia nyuma, simama. Nikawatazama, mmoja kisha mwingine. Nikasema maji yanachemka.

Hata sikuwa nimewasha jiko.

Sasa yamechemka kweli, mara mbili. Nikisema aende, atajua nimemtoa. Nikisema abaki, nitakuwa nimembakiza kwa ajili yangu, na kila neno lisilorudi litakuwa deni langu kwake. Nikisema sijui, binti ataamua, nami nitamlaumu mpaka nife. Huku nyuma nilidhani nangoja aseme yeye. Kumbe nilikuwa nimejificha nyuma ya mdomo wake uliofungwa. Yeye ndiye mgonjwa, mimi ndiye bubu.

Sebuleni wamenyamaza. Hapana, wanaongea. Binti anaongea. Mama, hapa? Nishike hivi? Nimechungulia. Amekaa mahali pangu kwenye sofa. Mwenyewe ameshika sindano ya kushoto, binti ya kulia. Hakuna aliyemwonyesha, kaona tu. Anafuma haraka, kwa mikono ile ya maabara. Mstari mmoja wakati mimi ningekuwa natafuta pa kuingilia. Vitatu kwa pamoja, anasema. Sawa? Anarudi. Vitatu kwa pamoja. Ile nusu niliyoianza jana inapungua machoni pangu.

Mwenyewe kacheka! Kicheko chake kile kinachoanzia puani. Tangu augue sijakisikia, na mimi nimejaribu kila kichekesho ninachokijua.

Nimerudi kukaa. Vikombe vitatu viko kwenye trei, chai imekwisha kuwa nzito.

Binti ananiita. Baba? Unakuja?

Nakuja, nimemjibu. Kwa sauti kubwa, sauti ya kazini. Nakuja.

Nimekaa palepale.