Mashine ya Kunyolea Aliyoituma Deo

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na hata ulipokuwa na mdomo mzima marahaba yako kwangu ilikuwa fupi. Ni mimi Monika. Natanguliza jina ili usinichanganye na mtu mwingine.

Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike. Nyumba yako ya Isevya, hapo Tabora, imefungwa, kuku wamechukuliwa na shangazi Tereza. Mimi nimerudi Urambo, kwa mume wangu na watoto, kwenye cherehani yangu. Wateja wengi wameshahamia kwa fundi mwingine. Siwalaumu. Mwaka mmoja na nusu mlango umefungwa, nani angengoja?

Nakuandikia kwa sababu kuna swali nilitaka kukuuliza ungali hai, nikaogopa jibu.

Unakumbuka stesheni ya Igalula, Baba? Ulikuwa mtu wa reli, na mtu wa reli, ulisema, hapokei treni na ndevu usoni. Kila asubuhi ulinyoa mbele ya kioo kidogo dirishani. Deo, mdogo wangu, ulimkalisha kwenye kigoda karibu nawe, ukampaka povu kidevuni, mkacheka wawili. Mimi nilikuwa wa kuleta maji. "Monika, maji yamepoa." Nikikumbuka sauti yako ya wakati ule, ndiyo maneno yanayonijia. Si kwamba ulinipiga au ulininyima chakula. Maji yalipoa tu, kila siku, na kosa lilikuwa langu.

Kiharusi kilipokupiga, mkono wa kulia ukafa na mdomo ukaenda upande. Deo alikuwa Dar es Salaam, ana kazi, ana majukumu. Mimi nilikuwa na duka, mume na watoto wawili, lakini hayo hayakuhesabiwa kuwa majukumu. Baba mdogo Simoni alinipigia simu: "Mwanamke ni wewe, Monika." Nikafunga duka nikaja.

Nilikuogesha. Nilikulisha uji kwa kijiko. Nilibadilisha shuka ambazo sitazisema hapa. Yote hayo uliyavumilia, ila ndevu zilikutesa. Ulizishika kwa mkono wa kushoto, ukatikisa kichwa, machozi yakakutoka. Nilikunyoa kwa vile viwembe vya plastiki vya kutupa. Vilivuta nywele badala ya kuzikata, shingo ikajaa vipele, nawe ukanisukuma mkono.

Nilimwambia Deo kwenye simu. Nilidhani atasema anakuja. Alisema, "Dada, namtumia Baba kitu cha maana."

Kikaja kwa basi, bodaboda akakileta mpaka mlangoni. Mashine ya kunyolea ya mkono, ya chuma tupu, nzito kama kufuli. Si zile za zamani zenye wembe unaokata pande mbili. Hii wembe wake una makali upande mmoja tu, na mgongo mnene usiopinda. Ndani ya boksi kulikuwa na brashi, sabuni, jiwe la shabu la kuzuia damu na karatasi ya maelezo kwa lugha nisiyoijua. Hapakuwa na barua, Baba. Nilikung'uta boksi nikaangalia.

Sikukuwekea usoni mara moja. Nilikaa uani, nikapandisha kanga, nikajaribu kwenye mguu wangu. Mara ya kwanza niligandamiza kama nilivyozoea kugandamiza ile ya plastiki, damu ikatoka. Mara ya pili nikainamisha mpini kidogo. Nilipousimamisha ulikwaruza, nilipoulaza ulipita juu ya nywele bila kukata. Katikati ya hapo palikuwa na sauti, ndogo, kama mkasi unaopita kwenye kitambaa kizuri. Sauti hiyo naijua, ndiyo kazi yangu. Nikaacha uzito wa chuma uende wenyewe, mimi nikaongoza tu. Siku tatu nilijifunza kwenye miguu yangu miwili kabla ya kukugusa.

Siku ya nne nikakutoa barazani, jua la asubuhi. Nikakukanda uso kwa taulo la maji ya moto, na maji hayakuwa yamepoa, Baba, niliyaangalia. Nikazungusha brashi mpaka povu likasimama. Upande wa kulia, ule ulioanguka, niliivuta ngozi kwa vidole viwili ili pasiwe na mkunjo. Niliteremka polepole, mstari mfupi, nasuuza, mstari mwingine. Chini ya kidevu nilizuia pumzi. Nilipomaliza nikalilowesha lile jiwe la shabu nikakupitishia. Hapakuwa na tone la damu.

Ukapeleka mkono wa kushoto shavuni. Ukapapasa, ukarudia. Kwa miezi ulikuwa husemi neno lililokamilika. Ukasema, wazi kabisa:

"Ahsante, Deo."

Nilikuwa nimepiga magoti mbele yako. Povu lako lilikuwa kwenye mikono yangu.

Swali langu ndilo hilo. Ulimshukuru Deo kwa kuwa ndiye aliyetuma mashine, au uliniangalia usoni ukamwona yeye? Nimegeuza majibu yote mawili na sijui lipi linauma kidogo. Nilikunyoa hivyo kila baada ya siku mbili mpaka mwisho, na hukusema neno tena.

Ulipofariki, Deo alikuja. Kwa ndege. Alilia kuliko watu wote, akashikiliwa na wanaume wawili. Walipoingia kukuandaa nilisimama mlangoni nikasema, "Kumnyoa niacheni nimnyoe mimi. Naijua ngozi yake." Baba mdogo Simoni akasema maiti ya mwanamume haiandaliwi na binti. Nilimtazama Deo. Akainamisha macho, akachukua mashine, mlango ukafungwa.

Tulipopita kukuaga, nilikuona. Chini ya kidevu aliacha kishungi cha mvi. Kwenye shavu la kulia, palipoanguka, kulikuwa na mkato mrefu uliokauka bila damu. Hakuvuta ngozi. Watu walidhani nalia kwa kukupoteza. Nililia kwa ule mkato.

Baada ya matanga Deo akaniomba mashine. "Iwe kumbukumbu yangu ya Baba, dada." Nilikuwa nimechoka. Nikampa, na boksi lake.

Wiki iliyopita akanipigia. Alikuwa amejaribu kujinyoa nayo, akajikata mara tatu. "Dada, hivi wewe ulikuwa unaishikaje?" Nikamweleza: maji ya moto kwanza, mpini uinamishe, usigandamize, ngozi ivutwe kila palipolegea. Kisha akasema, "Kwa hiyo Baba sikumnyoa vizuri."

Ningeweza kumwambia alijitahidi. Wewe ungetaka nimwambie hivyo.

Nikasema, "Hapana, Deo. Hukumnyoa vizuri. Ulimkata."

"Ungeniambia."

"Nilisimama mlangoni nikasema. Ulinisikia."

Akalia, si kile kilio cha msibani. Hiki kilikuwa kidogo, cha mtu aliye peke yake. Sikumbembeleza wala sikukata simu. Nilikaa nikisikiliza mpaka alipomaliza, na huo ndio udada niliokuwa nao siku ile.

Basi, Baba, lala. Sina chuki ya kutosha kukunyima hilo, na mengine ya kukupa bado sina.

Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, nitapanda gari nije Tabora. Nitang'oa magugu juu yako, nitapanga mawe yaliyoporomoka na mvua, nitawasha mshumaa na kusali sala zote mpaka mwisho. Hiyo ni ahadi, na unajua mimi huja ninaposema nakuja. Lakini usidhani nimekusamehe kwa kuwa umeniona pale. Nitakuja kwa sababu kaburi lazima lisafishwe, na msamaha ukipatikana nitakuletea siku nyingine, kwa safari yake.

Binti yako,
Monika