Suruali za Kaka Zilimkaa Vizuri

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na nakuomba unisome hadi mwisho kabla ya kunitukana, maana nina jambo ambalo nikilala naliona na nikiamka liko palepale.

Mimi ni fundi cherehani. Kaka yangu mkubwa, ambaye tangu utoto tulimwita Bonge, alikuwa dereva wa lori na kwake alilala kwa nadra, na mwaka jana alianza kuniletea suruali zake nizipunguze kiuno, nikamtania kwamba amepata mtu huko njiani anayemkimbiza, akacheka, akasema, "Wewe punguza tu, mdogo wangu, na shemeji yako asijue, atanisumbua na mahospitali." Nikapunguza. Akazirudisha tena, safari hiyo hadi mapajani, na nilipomzungushia futi ya kupimia niligusa mifupa lakini nikanyamaza, kwa sababu yeye ndiye mkubwa na pia, nisikufiche, nilijivunia kwamba mkono wangu ni msafi kiasi cha mtu kupungua na nguo zisiseme.

Alipoanguka ndipo tukaambiwa ni saratani ya kongosho, imeshafika kwenye ini, na hakuchukua muda. Mama yetu naye aliondoka kwa ugonjwa huohuo miaka ya nyuma.

Msibani dada yetu mdogo alimgeukia mjane mbele ya watu wote, akamwambia, "Wifi, mume anakwisha na wewe upo, macho yako yalikuwa wapi?" Shemeji akajibu kwa sauti ndogo, "Lakini suruali zake zilimkaa vizuri." Watu wakaguna. Mimi nilikuwa nimekaa karibu nao, nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu, na viatu vyangu havina kamba. Tangu siku hiyo dada anamwita shemeji mke wa jina tu, na shemeji hakanyagi kwetu, wala watoto hawaleti.

Sasa daktari alisema kwa kuwa ni mama na mtoto wake, sisi tuliobaki tupimwe. Nikaenda peke yangu. Picha ikaonyesha kivimbe kidogo chenye maji ndani ya kongosho, wakayavuta kwa sindano, wakakuta seli zimeanza kubadilika lakini bado si saratani. Daktari aliposikia kazi yangu alinieleza kwa lugha yangu, kwamba ile mirija midogo ya kongosho imetandikwa seli kwa ndani, na seli hujinakili, na moja ikiharibika kwenye agizo la kukua basi ni kama karatasi ya kukatia mashati iliyochanika kona, kila shati linalofuata linatoka na kasoro ileile, halafu kasoro nyingine zinaongezeka juu yake, breki za seli zinakatika moja moja, hadi baada ya miaka mingi ndipo huenda ikawa saratani. Akasema kasoro nyingine mtu huzaliwa nazo, kwa hiyo dada aje, na watoto wa kaka wakikua wasisahauliwe. Nikamjibu, "Nitawaambia." Sijamwambia mtu. Nikifungua mdomo dada ataanza kuniuliza habari za kaka, na mimi nitaonekana nilivyo. Naona aibu hata kushika futi. Je, naweza kusema la hospitali tu na la suruali nikalizika?

Fundi, tafadhali usinitaje.

JIBU

Fundi, nimekusoma hadi mwisho, na kukutukana nitakutukana kidogo tu.

Kwanza nikupunguzie mzigo usio wako. Hukumuua kaka yako. Mabadiliko hayo ya seli huanza kimya, hayaumi wala hayakondeshi mtu. Suruali ilipoanza kulegea, ugonjwa wenyewe huenda ulikuwa umeshakwenda mbali. Sikuambii kwamba angepona kama ungesema, wala sikuambii kwamba isingesaidia kitu. Hilo hutalijua, na itabidi uishi nalo.

Lililo lako ni shemeji yako. Mwanamke alisema kweli mbele ya watu, na shahidi wake pekee alikuwa ameinama. Hapo ndipo ninapokasirika nawe. Umemwacha abebe jina baya na watoto wake, na bado unaniuliza mimi kama unaweza kulizika.

Huwezi, na si kwa sababu ya adabu tu. Dada yako anaamini kaka alikufa kwa kukosa mke wa kumtazama. Mtu anayeamini hivyo kupimwa aende kutafuta nini? Yeye hana mke. Ukimwachia uongo huo unamwachia na kongosho lake, na watoto wa kaka mama yao hatajua la kuwaangalia, maana hamsemezani.

Kuhusu wewe, umewahi, na kaka yako hakuipata nafasi hiyo. Vivimbe vingi vya aina hiyo havifiki kuwa saratani, na kinachotaka kwenda huko daktari anaweza kukiona mapema ikiwa utarudi kila anapokuita. Usikose hata mara moja. Kama unavuta sigara, acha, kwa sababu huzidisha hatari.

Sasa fanya hivi. Nenda kwa shemeji mchana, peke yako. Mweleze suruali zote, usimsingizie marehemu zaidi ya alichosema, na usidai msamaha siku hiyohiyo. Kisha mpigie dada yako, mkutane nyumbani kwa wifi yake, urudie maneno hayo mbele yao wote wawili. Atakupigia kelele. Mwache amalize, halafu mtajie siku ya kwenda kwa daktari na umwambie utamsindikiza.

Na siku hiyo vaa viatu vilevile visivyo na kamba.