Sikandwi Tena

Mama yangu, shikamoo.

Natumai goti limekuacha upumue na baba anakula vizuri huko Kilwa. Mimi sijambo ya kusema tu, ndani nawaka. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unalia, halafu wifi Rukia ananinyang'anya simu na kukueleza mambo yake.

Lile ziwa la kushoto lilivimba ghafla, likawa jekundu, la moto, ngozi ina vishimo kama ganda la chungwa. Wifi akasema mtoto amelibeulia wakati ananyonya, maziwa yameganda. Nawe ukamwambia alikande na kulichana kwa kitana. Basi jirani alinikamata mikono, wifi akanikalia mapajani, akalikanda kwa kitambaa cha maji ya moto, akalichana mpaka damu. Nilipiga mayowe hadi wapagazi waliokuwa wakitoka sokoni Kariakoo wakasimama chini ya dirisha letu.

"Vumilia, Zuhura. Mwanamke gani hajaumwa ziwa?" alisema mume wangu pale mlangoni.

Vidonge vya duka la dawa navyo havikufua dafu. Waliporudi tena na kitana chao, nilimpiga wifi teke la mdomo, jino likang'oka. Sijutii. Mume wangu akanizaba kibao, cha kwanza tangu anioe. Nikajifunga kanga, nikaenda hospitali hivyo hivyo na shavu langu limevimba.

Daktari, dada mmoja wa Kihindi, akauliza, "Nani kakupiga?"

"Achana na shavu, tazama hapa."

Alitazama, akamwita mwenzake. Wakakata kinyama kidogo wakakipima. Ni saratani ya ziwa, Mama, ya aina adimu. Haina hata uvimbe wa kushika; inajifanya jipu, na inakwenda mbio. Nikamuuliza kama imeletwa na kukandwa.

"Hapana. Ila kumekula muda wako."

Nilitaka kumpiga na yeye.

Jumatatu naanza dripu za dawa kali, baadaye watalikata ziwa. Wifi amemchukua mtoto, anasema nikikubali kukatwa simwoni tena. Mume wangu naye anasema uamuzi ni wako, kwa kuwa wewe ndiye uliyesema nikandwe. Mama, sasa nakuogopa wewe kuliko saratani. Mpigie mume wangu simu leo. Mwambie ulikosea, mtoto arudi kwangu, mimi niende hospitali. Usiponitetea sasa, usije kunililia msibani.

Msalimie baba, na bibi mzaa baba kama bado ananikumbuka. Mdogo wangu Mwajuma, anayenyonyesha, msomee barua hii yote. Ziwa lake likiwaka namna hii na dawa zisilitulize, asivumilie. Ang'ate, apige mateke, avunje mlango, hata kama anayemshika ni wewe, lakini afike hospitali.

Mwanao ninayekupenda na kukukasirikia,
Zuhura, Mchafukoge