Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Damari, Siyo Krismasi

Buguruni, Dar es Salaam
Jumapili, mwezi wa sita

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Naisema tena, shikamoo, kwa sababu najua ile ya kwanza Damari ameisoma mbio mbio ili afike kwenye habari zake. Damari, na wewe hujambo. Soma taratibu, usiruke mstari, na ukikuta maneno yanayokuhusu usiyapunguze. Mama anataka kusikia nilichosema mimi, siyo ulichochagua wewe.

Mimi ni mzima. Miguu inaniuma jioni kwa sababu ya kusimama jikoni kutwa nzima, lakini ni uchovu tu, hakuna ugonjwa. Kantini yetu sasa inalisha zamu mbili za wafanyakazi wa kiwanda, na sufuria za ugali ni zile za kukoroga kwa mwiko unaoshikwa kwa mikono miwili. Goti lako linaendeleaje, Mama? Uwele umezaa vizuri mwaka huu? Na shamba la kijiji mmevuna, au bado watu wanategeana? Nasikia darasa la watu wazima la jioni limekolea hapo Mkiwa, na kwamba wewe mwenyewe umeshaanza kuandika jina lako. Nimefurahi sana. Ila usimruhusu Damari akuamrishe sana kwa sababu yeye ndiye mwalimu.

Sasa barua yenu. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikacheka mpaka Mama Asha, jirani yangu wa chumba cha pili, akatoka na mkono wenye unga kuja kuona kimetokea nini. Nikamsomea, tukacheka wote wawili.

Kosa ni langu. Niliandika kwamba Damari aje Dar es Salaam mwezi wa saba kwa sikukuu ya kuzaliwa. Wewe ukasikia Krismasi. Ukanijibu, mwandiko wa Damari lakini maneno ni yako kabisa, kwamba Krismasi watu wako shambani, mtoto hawezi kwenda mjini kula pilau wakati magugu yanamngoja, na kwamba ungependa kujua huko Dar ni dhehebu gani linalomzaa Yesu mwezi wa saba. Shangazi Mwajuma naye, kwa kuwa ni Mwislamu, akasikia Maulidi. Akahesabu miezi kwa vidole, akaona haikai sawa, lakini akaleta ujumbe kwamba kama pilau lipo yeye yuko tayari kusafiri hivyo hivyo. Nampenda shangazi kwa hilo.

Balozi wa nyumba kumi ndiye aliyenimaliza. Ati mlipokwenda kumwomba barua ya safari akauliza sikukuu yenyewe ni ya nani, na alipoambiwa labda ni ya Damari akasema kwamba sikukuu ya mtu mmoja ni kasumba ya wakoloni, katika Ujamaa sikukuu ni ya watu wote. Mpeni salamu zangu za heshima. Mwambieni keki italiwa na kantini nzima, wapishi na waosha vyombo na askari wa geti, na nadhani huo ni Ujamaa wa kutosha. Na yeye akipenda aniambie alizaliwa lini, nitamkumbuka.

Basi nieleze vizuri. Ni siku aliyozaliwa Damari mwenyewe. Huku mjini wanaiita besdei. Hata mimi nilishangaa mwanzoni. Siku moja msimamizi wetu alileta keki kantini, akatukatia kila mtu kipande, akasema ni ya mtoto wake. Nikauliza, huyo mtoto amefanya nini? Wakaniambia, amezaliwa. Nikasema, basi? Sisi wote tumezaliwa. Lakini kipande kile nilikila polepole, na kichwani nikaanza kuhesabu, nikakuta Damari anatimiza miaka kumi na minane mwezi wa saba, na hakuna siku hata moja aliyoambiwa kwamba siku hiyo ni yake.

Mnasema kijijini hakuna anayekumbuka siku. Mimi naikumbuka, nilikuwepo. Ilikuwa Jumapili, mtama umeshavunwa, ninyi nyote mko ibadani. Nilibaki na Shangazi Mwajuma kwa kuwa yeye ndiye pekee asiyekwenda kanisani. Mlipoanza kuimba nikashikwa na uchungu, na mlipotoka tayari Damari analia kuliko kwaya. Kwa hiyo shangazi anastahili pilau lake, hata kama siyo la Maulidi.

Gauni limekwisha kushonwa. Ule uzi wa kipimo mliotuma umenisumbua kweli. Mlifunga mafundo manne, lakini hamkusema fundo lipi ni la bega na lipi ni la kiuno. Mama Asha akajipima yeye, nikajipima mimi, tukabishana jioni nzima. Mwisho nikaushikilia uzi wote utosini, nikauachia uende chini, ukafika sakafuni na sehemu nyingine ikabaki imejikunja kwenye kidole cha mguu. Damari, umenipita. Niliposhuka kwenye basi hapo Mkiwa mwaka juzi ulikuwa unanifikia sikioni. Nilikaa na ule uzi mkononi mpaka Mama Asha akaniuliza kama nashona au nasali.

Keki nayo tumeijaribu. Hatuna jiko la kuokea, kwa hiyo ni sufuria ndani ya sufuria, mchanga chini, makaa juu ya kifuniko. Mara ya kwanza Mama Asha alipepea makaa kwa bidii ya ajabu, keki ikatoka nje makaa, ndani uji. Watoto wa nyumba hii waliila hivyo hivyo kwa vijiko. Mara ya pili nikamkataza kukaribia na kipepeo chake, ikaumuka vizuri. Amenuna siku mbili, sasa ameshapoa, na ameahidi kupika pilau mwenyewe, kwa sababu anasema watu wa bara tunapika wali kama tunapika ugali. Nimemwacha aseme. Akija huko mpeni uwele atwange.

Safari itakuwa hivi. Kaka Elia amlete Damari kwa basi mpaka Manyoni, amkatie tiketi ya daraja la tatu, amtafutie mama mwenye watoto wakae behewa moja. Damari, usinunue kila kitu kinachopitishwa dirishani, tumbo litakusumbua. Leteni karanga na asali kidogo. Kuku asije. Mama, najua umeshamchagua na pengine umeshamfunga miguu, lakini yule wa safari iliyopita alifunguka ndani ya treni, na mpaka leo sijui ni nani aliyemla.

Mwishoni mwa barua yenu, pembeni kabisa, Damari ameandika kwa herufi ndogo mambo matatu anayotaka kuyaona mjini. Sijui kama alikusomea, Mama, kwa hiyo nakwambia mimi. La kwanza ni lifti. Hiyo imeshapatikana. Askari wa mlangoni katika jengo moja refu ni mtu wa Ikungi, tukikutana tunaongea Kinyaturu mpaka watu wanageuka. Amesema atampandisha mpaka juu na kumshusha, ila asipige kelele. La pili anataka kumwona mtangazaji anayesoma salamu kwenye redio. Nimeulizia, nimeambiwa mtu haingii tu pale ndani. Tutasimama getini tumpungie mkono kila anayetoka, mmojawapo atakuwa ni yeye. Tutapanda pantoni pia, tuvuke Kigamboni na kurudi, na tutapiga picha studio akiwa na gauni lake.

La tatu ameandika: nataka kuona unapolala.

Hapo nilikaa chini kitandani. Mji wote huu, na meli na majengo, na mtoto anataka kuona ninapolala. Ni chumba kimoja, Damari, kitanda cha kamba, meza, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Jumamosi nimekipaka chokaa. Utalala upande wa ukutani.

Mama, umeniuliza jambo moja na umeliuliza kwa mkato, kwa hiyo najua limekukosesha usingizi. Umeuliza, akishaona mji atarudi? Nakujibu bila kuzunguka. Atarudi. Elia atamkatia tiketi ya kuja, na ya kurudi nitamkatia mimi mwenyewe. Ana darasa lake la watu wazima, ana wewe, na goti lako linamhitaji. Sikufichi kwamba nilitamani abaki. Nilitamani sana, hata nikaulizia kazi kiwandani, wakaniambia wanachukua wasichana. Halafu nikasoma mwandiko wake nikaona mtoto huyu ana kwao. Simchukui. Nimelia kidogo, yamekwisha.

Lakini kuna jambo ambalo nalitaka, na ndilo lililonifanya niandike barua ndefu hivi. Juzi tulikuwa tunachambua mchele na Mama Asha, akaniuliza, "Mwanao akishuka stesheni tutamjuaje?"

Nikamwambia, "Ni mrefu kunipita, na ataniita dada."

"Dada? Wewe umemzaa, akuite dada?"

"Amezoea. Alipoanza kusema mimi nilikuwa tayari nimekuja huku kazini. Alisikia watoto wa Elia wananiita shangazi, na majirani wadogo wananiita dada, akachagua dada. Mama kwake ni yule aliyekuwa naye."

Mama Asha akaweka ungo chini. "Sisi mtaa mzima tunakuita Mama Damari. Mwenye duka anakuita Mama Damari. Kantini wanakuita Mama Damari. Na Damari mwenyewe hajui?"

Nikaendelea kuchambua mchele.

Ni kweli, Mama. Huko nyumbani mimi ni Tabita, na wewe ni Mama Elia. Baba yake Damari alipofariki na mimi nikaja kutafuta kazi, wenyeji wa hapa waliniuliza nina mtoto, nikasema ninaye, anaitwa Damari. Tangu siku hiyo ndilo jina langu. Wananiita hivyo asubuhi na jioni, nami naitika, na mwenye jina hajawahi kunisikia nikiitwa. Damari anajua kwamba nilimzaa, hakuna aliyemficha. Ni ulimi tu. Na kila nilipokuja likizo, akiniita dada nilikuwa naitika upesi, nikiogopa nikimsahihisha atanyamaza kabisa.

Sitaki kukunyang'anya kitu. Wewe ndiye uliyemkesha surua ilipomshika, wewe ndiye uliyemvusha mtoni kwenda shule. Aendelee kukuita mama mpaka mwisho, ukiniambia leo aache nitakataa mimi mwenyewe. Ninachoomba ni ruhusa yako tu, aniite na mimi. Akiita mama, tukageuka wote wawili, kuna ubaya gani? Najua roho yako haina choyo. Lakini kama jambo hili linakuuma, sema, na nitafurahi naye kama dada mpaka siku atakapopanda treni kurudi, na sitalitaja tena.

Na wewe Damari, najua umefika hapa na sauti imepungua. Endelea. Stesheni ile ina kelele, watu ni wengi, na Mama Asha atakuja na watoto wote wa nyumba kukupokea. Utasikia wanaita "Mama Damari, Mama Damari, huyu hapa." Usigeuke nyuma ukafikiri Mama amepanda treni kukufuata. Mimi ndiye wanayemwita. Kama neno litakuwa gumu kutoka, usijilazimishe mbele ya watu. Nishike mkono tu, twende nyumbani tukale.

Mama, nisalimie kaka Elia na umwambie asimwache mtoto Manyoni kabla treni haijaondoka. Nisalimie wifi yangu mke wake, na watoto wao wote, gauni la yule mdogo linakuja na Damari akirudi. Shangazi Mwajuma mpe shikamoo yangu ya pekee, na mwambie pilau lake litafungwa kwenye kopo, atalikuta limechacha lakini litafika. Balozi nimeshamsalimia. Mchungaji naye mpeni salamu, na mhakikishieni kwamba Krismasi ipo palepale.

Nakuombea afya, Mama, na goti lipone.

Damari, salamu zimekwisha, umebaki na jina langu tu hapo chini. Huku wote wananiita hivyo, umebaki wewe. Usilisome moyoni. Mama amekaa hapo anasikiliza. Lisome kwa sauti.

Ni mimi,

Mama Damari