Kiwanja Bila Minazi

Mjukuu wangu Salimu,

Marahaba, baba. Huku Chole hatujambo. Mguu wa mama yako umepona na mbuzi wake amezaa.

Unauliza uanzeje kununua kijumba cha kupangisha huko Dar es Salaam, na rafiki zako wanakucheka. Hata mimi nilichekwa.

Wakati wa utawala wa Mdachi, nilipoachika ningali kijana, niliuza bangili zangu nikanunua kiwanja kwa tajiri mmoja wa mashamba. Tulizunguka mipaka mbele ya mashahidi. Kesho yake nikamkuta mkwezi wake kiwanjani mwangu juu ya mnazi, anaangua nazi.

"Umenunua ardhi," tajiri akaniambia akicheka. "Minazi hukuitaja. Rudisha kiwanja, mwanamke hayawezi mambo haya."

Kweli, kwetu ardhi huuzwa peke yake na minazi peke yake, nami sikuuliza. Lakini kurudisha? Ng'o! Nikajenga chumba cha udongo, nikampangisha fundi wa majahazi. Nazi za tajiri zikitoboa paa, naezeka upya. Na kila alipomleta mkwezi wake, nilichimba shimo nikapanda mnazi wangu, palepale, anione.

Basi nunua, baba. Uliza kilicho juu ya ardhi ni cha nani, kisha waache wacheke.

Minazi ya yule tajiri ilizeeka, ikaanguka mmoja mmoja juu ya ardhi yangu. Hakuja kuidai. Kuni zake ndizo zilizopika wali wa harusi ya mama yako.

Ni mimi bibi yako, mwenye kiwanja.