Kunguru Aliyekataa Wali wa Baba

Jumapili, Berchem-Sainte-Agathe, Brussels. Manyunyu tangu asubuhi, yale ya hapa ambayo hayalowanishi mtu lakini pia hayaishi. Moyo wangu hauko sawa, nisijidanganye.

Nimerudi kutoka India juma lililopita. Begi bado liko sebuleni, sijalifungua. Nikilifungua litatoa harufu ya ubani na moshi, na sina nguvu ya kuanza kulia upya.

Kwa msionijua: mimi ni Mhindu wa Tanga. Babu alitoka pwani ya Konkan, huko India, akaja kuwa karani kwenye shamba la mkonge, na sisi sote tumezaliwa huku. Naandika "huku" kana kwamba bado niko Tanga. Baba alifia huko huko, akachomwa kwa desturi yetu, kisha tukayapeleka majivu yake India, kwenye mto wa kijijini kwa babu, kama yeye alivyompeleka baba yake.

Kuna desturi moja ambayo sijawahi kumweleza mtu hapa Brussels. Majivu yakishakwenda na maji, unafinyanga tonge kubwa la wali na ufuta, unaliweka juu ya jani, unarudi nyuma unamngoja kunguru. Kunguru akidonoa, marehemu ameridhika, anakwenda zake kwa mababu. Akikataa, kuna jambo linamshika. Hapo jamaa wanaanza kuahidi, mmoja mmoja, kwa sauti, mpaka kunguru akubali.

Kunguru walikuwepo tele, wamejipanga juu ya ukuta. Hakushuka hata mmoja.

Kaka yangu Sunil, anayeishi Mwanza, aliahidi kwamba duka la Baba halitauzwa. Kimya. Shangazi akaahidi kupatana na mdogo wake waliyenuniana naye miaka. Kimya. Aai, mama yangu, alikuwa amesimama nyuma kabisa, amejifunika shali. Shangazi akanivuta mkono: sema wewe, unajua anachotaka.

Najua. Kila tulipoongea kwenye simu aliniuliza swali hilo hilo, nitarudi lini nyumbani.

Nikafungua mdomo. Neno halikutoka.

Sikuweza kumdanganya Baba mbele ya tonge lake. Binti yangu ana miaka minane. Wiki moja anakaa kwangu, wiki moja kwa baba yake, Mbelgiji, kule Uccle, upande wa pili wa mji. Mahakama ndiyo iliyopanga hivyo na mimi nilikubali. Nikihama, nahama peke yangu. Sasa hayo unamwelezaje kunguru?

Mwishowe pandit, aliyekuwa akiongoza ibada, alichoka kungoja. Akasokota majani makavu, akatengeneza kunguru mdogo wa nyasi, akamgusisha kwenye tonge. Basi, imekubalika. Vitabu vinaruhusu, alisema. Tukanawa miguu tukaenda kula. Nilikula kwa adabu tu.

Tangu nirudi, kila asubuhi napika wali, nafinyanga tonge, naliweka kwenye roshani. Kunguru wa hapa ni weusi tii, hawana ile shingo ya kijivu ya kunguru wa kwetu. Wanapita zao. Wanaokuja ni njiwa, na wale kasuku wa kijani waliojaa mji huu siku hizi. Asili yao nao ni huko huko India, lakini wanakula wakishiba wanaondoka, hawana habari na baba wa mtu.

Jana Maman Béa, mama wa Lubumbashi anayekaa ghorofa ya chini yangu, alinisimamisha kwenye ngazi kulalamikia wale njiwa.

"Bon, maman, unaweka wali ku balcon, alors pigeons yote ya Bruxelles inakuya kwetu."

Nikamweleza.

"Kumbe ni ya papa yako. Bon. Batu ba nyumba bakiuliza, nitasema ni miye niliweka."

Nililia pale pale kwenye ngazi, nimekumbatia mfuko wa viazi.

Leo mchana Aai amepiga simu. Anaishi peke yake sasa katika nyumba ile ya Tanga, na habari ya kuhamia kwa Sunil au kuja huku hataki hata kuisikia. Nikaona nimwambie yote. Kwamba Baba amekwama kwa sababu yangu. Kwamba ningesema neno moja tu, angeondoka kwa amani. Nilitaka anilaumu. Kulaumiwa kungekuwa nafuu.

Hakunilaumu.

"Si wewe, mwanangu. Nilikuwa nimesimama nyuma yenu pale, hakuna aliyeniuliza mimi. Nilikuwa nawaambia wale kunguru moyoni, msishuke, msile. Huyu akishaondoka, mimi nabaki na nani?"

Kisha akaniuliza kama baridi imeanza huku.

Nikamwambia imeanza.

Siku zote hizi nampikia Baba wali, nikidhani ananidai jibu. Kumbe hakuwa ananidai kitu. Anayenihitaji yuko hai, anapika chai ya mtu mmoja, na sina la kumwambia zaidi ya lile nililoshindwa kuwaambia wale kunguru. Nimejaribu kulisema sasa hivi, peke yangu, jikoni, kwa sauti. Halitoki.

Tonge la leo bado liko nje linalowa. Njiwa hawajaja, labda kwa sababu ya manyunyu. Kuna kunguru mmoja kwenye ukingo wa paa la mbele, yuko pale tangu nimalize kuongea na Aai, anageuza kichwa huku na huku.

Akishuka, nimwache ale, au nimfukuze?